Herufi Kubwa, Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa sababu ya adabu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali ya misheni pale Nachingwea, kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa. Humo mlikuwa na meza moja, betri mbili za gari na redio ya mawasiliano, ile tuliyoiita redio koli. Nilikuwa mama wa watoto wanne na kazi niliyoizoea ni kufua mashuka ya wodini. Katibu wa Hospitali alinitoa kwenye ufuaji kwa sababu mbili: nilikuwa na mwandiko unaosomeka, na siku moja alinisikia nikimwita mwenzangu kutoka ng'ambo ya uwanja, akaona sauti ile inapotea bure kwenye mabeseni.

Mkuu wa Mawasiliano, mzee aliyestaafu jeshini, alinikalisha mbele ya redio akanipa kipaza sauti. Nikabonyeza nikasema kwa upole, "Shikamooni huko Dar es Salaam. Samahani kwa usumbufu, hapa ni Nachingwea..."

Alininyang'anya. "Mama, unaomba chumvi kwa jirani? Hewani hakuna samahani. Ita mara tatu. Sema mara tatu. Kisha sema ova, yaani zamu yako, ungoje mpaka mwenzako aseme nimepokea. Asiposema, wewe hujasema kitu."

Hiyo ndiyo shule yangu yote, na sikupata nyingine kwa miaka mingi. Kila ujumbe tuliuandika kwanza kwenye fomu, kwa herufi kubwa tupu, ili hata taa ikiwa hafifu na mwandishi akiwa na haraka, msomaji asikosee. Ujumbe wa mgonjwa mahututi ulianza na neno HARAKA mara tatu. Namba za dawa, mara tatu. Jina la mgonjwa halikutajwa kabisa, kwa sababu redio ile ilisikika kusini kote na watu wana masikio. Tulitaja namba ya faili. Mkuu wa Mawasiliano alikuwa akisema kwamba hewa ina kelele, na dawa ya kelele ni kurudia. Nilimwamini. Mpaka leo nikimtuma mjukuu dukani namwambia mara tatu, naye ananung'unika.

Upande wa pili wa redio, katika makao makuu ya shirika letu Dar es Salaam, alikuwapo mtu aliyeitwa Kondo. Kazi yake ilikuwa kama yangu: kupokea na kutuma. Sura yake sikuijua, lakini nilijua akiwa na mafua, nilijua mwezi wa Ramadhani akiwa amechoka, na nilijua akikasirika, maana hapo alirudia maneno mara nne. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mitano bila kuulizana habari za nyumbani. Hewani hapakuwa na nafasi ya mambo hayo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilihamishiwa Ruangwa, kwenye kituo cha afya cha shirika hilohilo. Nilisafiri mbele ya lori redio ikiwa mapajani, nimeifunga kwa khanga kama mtoto, na vumbi la barabara ile nililimeza mpaka nikashiba. Ruangwa ilikuwa imekuwa wilaya juzijuzi tu, na ofisi nyingi zilinukia saruji mbichi. Kila saa mbili asubuhi niliita zahanati zetu: Nambilanje, Mbekenyera, Matambarale. Nani kajifungua, nani kazidiwa, dawa gani imekwisha. Kisha nilimpelekea Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, fomu zangu za herufi kubwa. Alikuwa mtu mtaratibu, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Kila asubuhi aliniuliza swali moja, "Hewani kuna nini leo?"

Halafu ikaja kompyuta.

Wafadhili walituwekea dishi la satelaiti juu ya bati, sola za kutosha, na mashine moja mezani kwangu pembeni ya redio. Nilikuwa naelekea umri wa kuwekewa kiti kwenye harusi, na hapo ndipo nikaanza kujifunza kushika kipanya. Fundi wa kompyuta kutoka makao makuu alinifundisha kwa wiki moja: hii ni programu ya barua pepe, hapa zinaingia, hapa zinatoka. Alinisifu kwamba naelewa upesi. Hakuniambia niache herufi kubwa, na mimi sikuuliza. Nilibonyeza kile kitufe cha herufi kubwa siku ya kwanza, sikukibonyeza tena kuzitoa. Kondo naye huko Dar alifanya hivyohivyo. Barua zetu za kwanza zilikuwa hivi: HARAKA HARAKA HARAKA. DAWA YA SINDANO IMEKWISHA. RUDIA. IMEKWISHA. RUDIA. IMEKWISHA. Tulijiona tumeendelea sana.

Taabu ilianza barua za ovyo zilipotugundua. Ninyi vijana mnazijua, lakini sisi zilitukuta hatujavaa viatu. Siku ya kwanza tulitangaziwa kwamba tumeshinda bahati nasibu ambayo hatukuicheza. Siku ya pili mjane wa jenerali wa nchi ya mbali alitaka tumsaidie kutunza utajiri wake. Baada ya hapo zikaja za dawa za nguvu za kiume, arobaini, hamsini kwa asubuhi moja, nyingine na picha. Na siku ya picha, aliyekaa mezani kwangu alikuwa Sista Msimamizi, mkuu wa wauguzi, amekuja kutazama kama maombi ya chanjo yamejibiwa.

Alinyanyuka polepole, akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani, akasema, "Mama Modesta, mashine hii ikaoshwe."

Fundi akaitwa. Akaweka programu nyingine juu ya ile ya barua, programu ya kuchuja, mimi nikaiita chujio. Alinieleza kwa uvumilivu. Chujio linasoma kila barua kabla yako. Linaipa alama za ubaya: ikitaja dawa, alama, ikirudia neno moja mara nyingi, alama, ikipiga kelele kwa herufi kubwa, alama nyingi. Alama zikizidi, barua inatupwa kwenye folda ya taka. Kwa kuwa Sista alikuwa amesimama nyuma yetu, fundi aliliweka chujio kwenye ukali wa mwisho, akalifunga kwa neno la siri alilolijua yeye tu. Aliniachia uamuzi mmoja: folda ya taka niikague mwenyewe kila asubuhi, au ijifute yenyewe kila barua inapoingia humo.

"Kagua, mama," alisema. "Chujio ni jipya, linaweza kukosea."

Nilimsikia. Hapo aliposema herufi kubwa, nilikuwa nikicheka chinichini na muuguzi mmoja kuhusu uso wa Sista. Naapa sikuunganisha.

Nilikagua kwa majuma mawili, na Kondo hakutuma kitu siku hizo. Lakini uchafu uliokuwamo humo, wanangu, mwanamke wa umri wangu, mwanakwaya, kuusoma mmoja mmoja mchana kweupe! Halafu programu ya barua yenyewe ilikuwa imeugua tangu chujio lije. Nikiifungua, ile alama ya chupa ya mchanga, ya kukwambia ngoja, inazunguka nusu saa. Iliniomba neno la siri, nikaipa, ikaomba tena. Wakati mwingine iliandika chini kwamba barua tatu zimepokelewa, na kisanduku kikawa kitupu. Nilidhani ni uzembe wa dishi. Nikaona nikipunguza mzigo itapona. Siku moja, kwa mkono wangu huu, nikachagua ile folda ijifute yenyewe. Mashine ikawa nyepesi kidogo. Nikajipongeza kwa chai.

Msimu ule wa kupalilia ndipo alipokuja Bi Somoe, mkulima wa ufuta na korosho kutoka Matambarale, mama wa makamo, mwembamba, mwenye maneno machache. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia kisigino mpaka juu ya kifundo, ukiwa na vitundu vinavyotoa usaha wenye punje ndogo kama ufuta. Alikuwa ameutembelea hivyo miaka. Mganga Mfawidhi alikata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Alihofia saratani. Kama ni saratani, mguu ukatwe chini ya goti kabla haijapanda. Kama si saratani, kuna dawa.

Tukangoja majibu. Kila asubuhi Mganga Mfawidhi alinijia. "Mama Modesta, Dar wanasemaje?"

"Hawajasema kitu, Daktari."

Juma la tano likapita, la sita likapita. Bi Somoe alikuwa kitanda cha dirishani, na nikimpelekea uji tulizungumza. Aliniambia, kwa matamshi yake ya Kimwera, "Dada, nguu huu ndio jembe langu. Watoto wangu wamesoma kwa huu." Wala hakulia. Mimi ndiye niliyekwenda kulia stoo.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa akija kwetu mara chache kwa mwaka, akitua kwa ndege ndogo Nachingwea na kuletwa kwa gari. Safari hii alitazamiwa Alhamisi. Mganga Mfawidhi akaamua kwamba hawezi kungoja tena mzunguko mwingine. Kama ni saratani, kungoja ni kumuua. Akamweleza Bi Somoe. Mama yule akasema, "Sawa. Lakini nsiutupe. Nnifungie vizuri, kaka yangu akauzike kwetu, nijue uko wapi."

Jumatano asubuhi kaka yake akafika kutoka Matambarale na kipande cha kitambaa cheupe. Alisema ameshachimba shimo, dogo, pembeni ya makaburi ya wazee wao. Nilikiona kile kitambaa kimekunjwa juu ya kitanda, nikaenda kuwasha redio kwa zamu ya saa mbili.

Redio siku hizo ilikuwa ya zahanati tu. Makao makuu hawakuitumia tena. Nimemaliza Nambilanje, nataka kuzima, nikasikia sauti ya Kondo kutoka mbali, ikikatikakatika kwa mikwaruzo.

"Ruangwa, Ruangwa, Ruangwa, hapa Kituo Kikuu. Modesta, nimekuandikia mara tatu. Mara tatu. Mara tatu. Mara tatu! Kwa nini husemi nimepokea? Ova."

Nikamwambia sijapata barua yake hata moja. Akasema majibu ya mguu yapo kwake juma la tatu sasa, na ameyatuma Jumatatu tatu mfululizo, kwa herufi kubwa, yakiwa na HARAKA tatu, kama inavyotakiwa. Nikauliza yanasemaje. Mikwaruzo ikaja. Nikashika maneno mawili, SI SARATANI, kisha jina refu la kijidudu na majina ya dawa yakazama kwenye kelele. Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Sikushika.

Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Mganga Mfawidhi akanisikiliza, akavua miwani. "Mama Modesta, nikiamini na masikio yako yakawa yamekosea, huyu mama atakufa. Na dawa inategemea kijidudu gani. Bingwa anatua kesho. Nipatie karatasi."

Nikarudi hewani. "Kondo, tuma sasa hivi, nipo mbele ya mashine." Akatuma. Nikafungua programu. Chupa ya mchanga ikazunguka. Neno la siri. Neno la siri tena. Kisha chini pakaandikwa: barua moja imepokelewa. Kisanduku kitupu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua folda ya taka, nayo ni safi kama sahani iliyooshwa, kwa sababu niliagiza hivyo. Barua ya mguu wa Bi Somoe ilikuwa imefika kwenye meza hii mara nne, na mara zote nne ikafutwa kwa amri yangu.

Chujio sikuweza kulizima. Neno la siri alikuwa nalo fundi, na fundi alikuwa safarini, hapatikani. Nikayakumbuka maneno yake, moja moja, yale niliyoyasikia nikicheka. Dawa. Kurudia. Kelele.

"Kondo," nikamwita, "andika upya. Herufi ndogo. Usirudie kitu. Usiweke haraka. Ova."

"Unasema nini? Ujumbe wa mgonjwa bila haraka? Ova."

"Hewani tunapiga kelele, lakini mashine hii inamfukuza mpiga kelele. Niandikie kwa upole. Niandikie kama unavyomwandikia mke wako. Ova."

Akajibu, "Mke wangu naishi naye. Namwandikia nini? Ova."

"Basi niandikie kama ungekuwa huishi naye! Anza na salamu. Na dawa zitaje mwishoni, mara moja tu. Nakuomba, Kondo. Kuna mtu ameshachimbiwa shimo la mguu. Ova."

Nilingoja. Nilikuwa peke yangu, nikisikia wagonjwa wa nje wakipiga gumzo barazani kama siku yoyote. Saa nne ikapita. Chupa ya mchanga ikazunguka. Barua moja imepokelewa, na safari hii ikatokea, nyeusi tii, juu kabisa.

Nimeihifadhi. Inaanza hivi: "Dada Modesta, habari za huko Ruangwa. Mimi sijambo, mke wangu mgongo unamsumbua kidogo lakini anakusalimu, anasema ndiwe yule mama mwenye sauti. Samahani kwa kukupigia kelele miaka yote hii. Yule mgonjwa wetu wa mguu, maabara wanasema hana saratani." Kisha jina la kijidudu, herufi kwa herufi, na aina ya dawa, na kwamba vijidudu hivyo huishi kwenye udongo na huingia kwa mwiba. Mwisho aliandika kwamba wanawe ni sita na mmoja anasomea uuguzi. Miaka kumi na mitano, na siku hiyo ndiyo nilijua Kondo ana watoto.

Mganga Mfawidhi aliisoma yote, na salamu zake, akiwa amesimama. Aliisoma tena. "Ilichelewa wapi?" akauliza.

"Mtandao, Daktari," nikasema.

Alinitazama. "Mtandao," akarudia, akaenda wodini.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Alipomaliza kueleza, Bi Somoe aliuvuta mguu wake akaufunika kwa khanga, kama anaficha kitu wasije wakabadili mawazo. Kaka yake akabaki na kitambaa mkononi. "Na shimo nimeshalichimba," alisema.

"Kalifukie, kaka," dada yake akamjibu. "Ntoto wa watu asije akatumbukia."

Wodi nzima ilicheka, mimi nikacheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Alitibiwa zaidi ya mwaka, sindano na vidonge, akienda na kurudi. Mimi niliigeuza folda ile siku hiyohiyo, na tangu hapo nikaikagua kila asubuhi, picha au si picha, nikiwa nimevaa miwani. Makarani wote wa zahanati waliopewa mashine baadaye niliwafundisha herufi ndogo na salamu. Fundi alipopita miezi kadhaa baadaye alikaa na mashine yangu siku nzima, akalegeza chujio, na ile chupa ya mchanga ikapungua. Aliingia ofisini kwa Mganga Mfawidhi, akatoka, akaondoka. Hakuna aliyeniita.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili. Waliniaga vizuri kuliko nilivyostahili: pilau, vitenge, baiskeli, na Sista Msimamizi, aliyekuwa amezeeka naye, akaimba. Nashukuru kwa kazi ile. Imenisomeshea watoto na imenifundisha katika umri ambao wenzangu walikuwa wameacha kufundishwa. Nikiulizwa na vijana kosa lilikuwa la programu ipi, ya barua au ya kuchuja, nawaambia zote mbili zilifanya zilivyoambiwa. Aliyeacha kutazama ni mimi. Na lile neno "mtandao" nilikaa nalo kifuani miaka mitano, likiwa zito kuliko redio niliyoipakata kwenye lori.

Kwa hiyo juma la kwanza la kustaafu nilipanda bodaboda mpaka Matambarale. Nilimkuta Bi Somoe uani akipepeta ufuta, amesimama. Mguu ule haukurudi kuwa mzuri; una makovu na umepinda kidogo. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama vilevile, kwamba majibu yake yalifika mapema, na mimi ndiye niliyeyafuta, mara nne, na nikamdanganya Daktari.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Daktari aliniambia zamani," akasema. "Mwaka uleule, yule fundi alipoyaona kwenye kumbukumbu za mashine. Akaniuliza, amwadhibu karani wake au amwache? Nguu ni wako, akasema, sema wewe. Nikamwambia mwache, huyu ntu atakuja mwenyewe." Akaweka ungo chini. "Umechelewa, dada. Karibu ukae."

Nilikaa. Tulikula mihogo na karanga, tukazungumza habari za watoto. Jua lilipopoa nikaaga. Kutoka kwake mpaka barabarani ni mwendo mzuri, njia ya mchanga na mizizi ya mikorosho. Nilimwambia asijisumbue, anielekeze tu. Alijifunga khanga, akatangulia mbele yangu, akanisindikiza njia yote kwa miguu yake miwili.